Msimnyang'anye Mtoto Jagi la Maji





Majuma kadhaa yaliyopita nilialikwa chakula cha mchana katika nyumba mojawapo ya jumuiya zetu ndogo ndogo hapa Mollo. Baridi ya Ufipa mnaijua wenyewe. Tulikuwa tumejikunyata ndani ya masweta tukiungojea ugali. Kabla chakula hakijatengwa, binti wa nyumba ile, mwenye umri wa miaka minne hivi, alikwenda pembeni pasipo kutumwa na mtu, akalikumbatia jagi la maji kwa mikono yote miwili, akaja nalo hatua kwa hatua huku macho yake hayabanduki kwenye ukingo wa maji. Alikuwa anakuja kuninawisha mikono. Zilipobaki hatua tatu hivi anifikie, mama yake alimrukia na kulichukua jagi. “We! Utammwagia Padre maji!” Watu wakacheka. Nami, nakiri mbele yenu, nilicheka pamoja nao. Mtoto akaificha mikono yake mgongoni, akarudi kinyumenyume hadi ukutani, akakaa kimya mpaka tulipomaliza kula.

Baada ya chakula mama yule yule alinilalamikia juu ya binti yake mkubwa, mwenye miaka kumi na miwili. “Padre, huyu ni mvivu kupindukia. Bila kumgombeza haoshi hata kikombe alichonywea mwenyewe.” Nilitamani kumjibu palepale, lakini si adabu kula ugali wa mtu na kumkosoa mbele ya wageni wake. Nilirudi siku nyingine tukazungumza kwa kirefu, naye ameniruhusu niandike pasipo kumtaja.

Ninachotaka kusema juma hili ni hiki: uvivu wa yule binti mkubwa haukushuka kutoka mawinguni, wala hakuurithi katika ukoo wa baba yake kama kina mama wapendavyo kusema. Alifundishwa. Alifundishwa kwa upendo, kwa haraka na kwa kicheko, kila mara alipotaka kufanya jambo kwa mikono yake nasi tukamwambia kwamba hawezi. Tunawanyima watoto kazi wakati wanapoililia, kisha tunawadai kazi hamu ikiwa imekwisha kufa, na hayo tunayaita malezi.

KIBAO CHA GETINI

Wengi wenu mnalijua jina la Montessori kwa sababu mmeliona limeandikwa getini pa shule ya watoto wadogo. Nasi Wakatoliki tuna sababu ya kulijua zaidi, kwani kwa miaka mingi masista katika majimbo mbalimbali ya nchi yetu wameendesha shule za awali za mfumo huu na hata vyuo vya kuwafunda walimu wake. Masista wa Mama Yetu wa Usambara, kwa mfano, wanacho chuo cha namna hiyo kule Lushoto. Kazi hiyo naiheshimu sana.

Lakini jina lenyewe si mali ya mtu mmoja. Mwenye vyumba viwili na kopo la rangi aweza kulipaka ukutani kwake na kupandisha ada siku hiyo hiyo. Ukitaka kupima, ingia ndani utazame. Darasa la kweli la Montessori huwachanganya watoto wa miaka mitatu hadi sita, wadogo wakijifunza kwa wakubwa. Vifaa vimepangwa kwenye rafu fupi ambazo mtoto anazifikia. Anachagua kazi, anaifanya kwa muda anaoutaka, anairudisha mahali pake. Asubuhi nzima, yapata saa tatu, hakuna kengele ya kumkatiza. Mwalimu husema kidogo na kutazama sana. Ukikuta watoto hamsini wa umri mmoja wameketi kwa mistari, wanaimba a-e-i-o-u mbele ya fimbo, basi Montessori ya hapo ni rangi ya ukuta.

Shule hizo si mzigo wangu leo. Mzigo wangu ni mzazi anayeuza magunia yake ya mahindi, analipa ada, anamnunulia mtoto begi na soksi nyeupe, na akishapokea risiti anaona kwamba kazi ya kulea amemkabidhi mwingine. Asubuhi anamvisha mtoto wake, anamfunga vifungo vya sweta, anamfunga kamba za viatu, anamlisha uji kijiko kwa kijiko, anambebea begi. Kisha mtoto anakwenda shuleni kufundishwa, kwa ada, namna ya kufunga vifungo! Nyumbani haruhusiwi kuvigusa vifungo vya sweta lake mwenyewe, ilhali katika baridi hii ya Mollo sweta analo kifuani mwaka mzima.

Wapo waliokwenda mbali zaidi, wakampeleka bwenini mtoto wa miaka mitano ambaye bado analia usiku akiota. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Serikali ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, nami niliwasikia wazazi wakinung'unika kana kwamba wamepokonywa haki yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu ya kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wa msingi wa watoto wao. Shule huwasaidia. Anayekodi msaidizi kisha akatoweka yeye mwenyewe hajasaidiwa, ameacha kazi.

MWANAMKE ALIYEKETI AKATAZAMA

Tumjue basi mwenye jina. Maria Montessori alizaliwa Chiaravalle, Italia, mwaka 1870, akahitimu udaktari wa tiba katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896, zama ambazo mwanamke daktari alikuwa kioja. Alianza kwa kuwahudumia watoto wenye ulemavu wa akili, ambao wengi walikuwa wamewakatia tamaa. Tarehe 6 Januari 1907, siku ya Tokeo la Bwana, Nyumba ya Watoto yake ya kwanza ilifunguliwa San Lorenzo, mtaa wa makabwela mjini Roma. Waliokusanywa pale walikuwa watoto wa vibarua, walioachwa peke yao mchana kutwa wazazi wakiwa kazini. Wenye majengo walichotaka ni kwamba watoto hao wasiendelee kuziharibu kuta na ngazi zao.

Nisikilizeni vizuri, enyi msemao kwamba Montessori ni mambo ya matajiri. Watoto wale wanafanana zaidi na watoto wetu wanaobaki nyumbani wazazi wakiwa shambani, kuliko na watoto wanaoshushwa getini kwa gari.

Daktari huyu aliketi akatazama. Alimwona binti wa miaka mitatu akivitia na kuvitoa vipande vya mti katika matundu yake zaidi ya mara arobaini, asiinue uso hata wenzake walipoambiwa waimbe kando yake. Aliwaona watoto wakiziacha peremende na zawadi kwa kuwa kazi iliwapendeza zaidi. Akahitimu kwamba mtoto mdogo anapofanya jambo kwa makini hachezi tu, bali anajijenga, kama vile mimba inavyojijenga tumboni. Mtu mzima huosha beseni ili beseni litakate. Mtoto huosha beseni ili awe mtu.

Kisa chake kimoja kinatuhusu sana sisi wa nyanda za juu. Siku moja aliamua kuwafundisha wale watoto namna ya kupenga kamasi. Aliwaonyesha kwa utulivu jinsi ya kukitoa kitambaa, jinsi ya kupenga pasipo kelele na pasipo kuwaudhi walio karibu. Watoto walimtazama kimya; alipomaliza wakampigia makofi kwa shangwe asiyoitarajia. Alishangaa, kisha akaelewa. Maisha yao yote watoto wale walikuwa wametukanwa kwa ajili ya kamasi zao, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuwafundisha.

Ndugu zangu, miezi ya Juni na Julai ni mtoto gani wa Mollo asiyetoka kamasi? Nasi twamwambiaje? “Toka hapa na makamasi yako!” Ni nani kati yetu aliyewahi kuketi mbele ya mtoto, akatoa kitambaa, akasema, “Tazama, mwanangu, hivi”? Tunamwaibisha mtoto kwa jambo ambalo hatujamfundisha, kisha tunalalamika kwamba hana adabu.

Wala msidhani namtangaza Maria Montessori kuwa mtakatifu. Mwaka 1898 alipata mtoto wa kiume nje ya ndoa, Mario, akalelewa na familia nyingine shambani; hakuja kuishi na mama yake hadi alipokuwa kijana. Aliyewafundisha walimwengu kumtazama mtoto hakupata kumtazama wa kwake katika miaka ile ya mwanzo, ambayo yeye mwenyewe alifundisha kwamba haina badala. Wapo wanaolitaja jambo hili ili kumbeza. Mimi nalitaja kama onyo kwangu na kwenu: ujuzi wa malezi, hata uwe mkubwa namna gani, haumlei mtoto. Humlea mtu aliye karibu naye.

VIFAA MNAVYO TAYARI

Sasa mtaniuliza: “Padre, tufanye nini, nasi hatuna fedha za vifaa hivyo vya mbao?” Vifaa mnavyo. Maharage ya kuchambua mnayo, mekundu huku, ya njano kule. Mahindi ya kupukuchua mnayo. Mna ungo, ufagio, beseni, kikombe, nguo za kufua, kuku wa kurushiwa punje. Darasa ambalo wenzetu wa mjini wanalinunua kwa fedha nyingi limetapakaa jikoni na uani kwenu. Kinachokosekana ni mambo manne.

Kwanza, mtazame. Kabla ya kumwamuru, kumsaidia au kumchapa, mtazame. Anataka nini? Anaweza nini leo asichokiweza mwezi uliopita? Na mtazame hasa wakati wa kula. Mkoa wetu wa Rukwa ni ghala la mahindi, maharage na ulezi, tena tuna samaki wa maziwa mawili. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba karibu nusu ya watoto wetu walio chini ya miaka 5 wamedumaa, kiwango kilicho miongoni mwa vya juu kabisa nchini. Sababu ni nyingi, na nyingine si kosa la mzazi: maradhi, maji, umaskini, mama kushinda shambani akiwa mjamzito. Lakini sababu mojawapo iko kwenye mkeka wetu. Watoto watano huwekewa sinia moja. Wakubwa wana mikono mirefu, mdogo huambulia ukoko, wala hakuna mtu mzima awezaye kusema amekula kiasi gani. Wahudumu wa afya wanatushauri tumpe mtoto mdogo sahani yake. Montessori naye alitaka mtoto awe na chombo chake, kinacholingana na mkono wake. Daktari wa Roma na mhudumu wa zahanati wanakutana kwenye sahani moja ndogo, nasi bado tunasema hayo ni mambo ya Wazungu!

Pili, iandae nyumba. Nyumba zetu zimejengwa kana kwamba hakuna mtu mfupi anayeishi ndani yake. Msumari wa kutundikia nguo uko juu ya kichwa cha mtoto, kikombe kiko juu ya kabati, maji yako katika ndoo asiyoweza kuiinamisha. Pigilia msumari mmoja usawa wa bega lake, sweta lake likae hapo. Weka kikombe chake chini. Kata ufagio mfupi. Tafuta jagi dogo au kidumu cha lita moja, ukijaze nusu. Kazi yote hiyo ni ya alasiri moja, na ingefaa sana ifanywe na baba, kabla hajaelekea kilabuni.

Tatu, onyesha polepole, kisha ondoa mkono wako. Tunapenda kufundisha kwa mdomo: “Shika vizuri! Si hivyo! Nimekwambia mara ngapi?” Mtoto mdogo hufuata mkono kuliko ulimi. Kaa karibu naye, funga kifungo kimoja cha sweta polepole pasipo maneno mengi, kifungue, kisha mwache. Atahangaika. Usimrukie. Ukiona amezama katika kazi yake, usimkatize hata kwa sifa, maana “hongera” isemwayo wakati usiofaa hukatiza sawasawa na karipio.

Nne, mwache akosee, naye airekebishe kazi yake. Maji yakimwagika, hapo lipo fundisho la pili, na kitambaa cha kufutia kiwe karibu. Usimpe adhabu kwa maji, wala usiyafute wewe. Mtoto aliyefuta maji yake mwenyewe amejifunza zaidi ya yule aliyechapwa, na zaidi sana ya yule aliyefutiwa na dada wa kazi.

Tena hayo yote ni kwa wavulana pia. Katika nyumba zetu nyingi msichana hunyimwa jagi mpaka afikishe miaka sita, kisha anatwikwa nyumba nzima. Mvulana hunyimwa jagi maisha yake yote, kisha tunamwozesha binti wa watu.

HOJA ZA WANAOPINGA

Najua mtakayosema, maana nimekwisha kuyasikia.

Wa kwanza atasema: “Samaki mkunje angali mbichi.” Naam, methali hii naipenda, lakini tumeigeuza kuwa hati ya kibali cha fimbo. Tafakarini kidogo: samaki anayekunjwa amekwisha kufa. Mtoto yu hai, naye anajikunja mwenyewe kuelekea anachokiona kwetu kila siku. Mimi nililelewa seminarini tangu utoto, na kengele ilituongoza kuamka, kusali, kula, kusoma na kulala. Tuliitii kengele kwa ukamilifu. Nilipofika nyumbani likizo ya kwanza, pasipo kengele, nililala mpaka saa nne asubuhi, wala Sala ya Asubuhi sikuikumbuka. Nidhamu ilikuwa ya kengele. Yangu ilinichukua miaka mingi kuipata. Vivyo hivyo na mtoto wa fimbo: fimbo ikiondoka, naye huondoka. Mkinitajia fimbo ya Maandiko, nitawapeleka kwa wachungaji wetu wa ng'ombe. Mchungaji hutembea na fimbo mkononi kutwa nzima, akizuia huku, akielekeza kule. Mwulizeni ni mara ngapi ameichapa ndama. Mtume Paulo naye aliwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa.

Wa pili atasema: “Mchelea mwana kulia hulia yeye.” Huyu nakubaliana naye kabisa, na Montessori pia angekubali. Uhuru aliouzungumza una ukuta kuuzunguka: mtoto hana ruhusa ya kujidhuru, ya kumdhuru mwenzake, wala ya kuharibu kitu. Hapo mzazi aseme “hapana” moja, iliyo imara, naye alie akitaka. Tatizo letu ni kwamba tuna “hapana” mia kwa siku, tisini kati yake ni za kutuondolea usumbufu sisi, na mtoto hawezi tena kuitambua ile inayomwokoa na moto. Anayemwachia mtoto simu ya mkononi tangu jua kuchomoza hadi kuchwa ili anyamaze, asidhani kwamba amempa uhuru. Amemnyamazisha tu.

Wa tatu atasema: “Padre, sina muda. Nikimngojea afunge vifungo vyote, shamba nalima saa ngapi?” Hoja hii naiheshimu kuliko zote, maana hutoka kwa mama anayeamka alfajiri kuu. Lakini sisi ni watu wa Ufipa. Wazee wetu walifunika majani kwa udongo katika matuta ya intumba, wakayaacha yaoze, wakapanda msimu uliofuata. Hakuna aliyelifukua tuta kila asubuhi kuona kama majani yameoza. Dakika kumi utakazompa mwaka huu ndizo zitakazokurudishia miaka, mtoto huyo akiwa na miaka kumi na miwili. Wala sikuombi kila siku. Anza na kifungo kimoja, Jumamosi.

Wa nne atasema: “Kwa hiyo Padre anataka watoto wafanye kazi.” Hapa tuwe waangalifu, maana wapo watakaoyakata maneno yangu nusu na kumpa mtoto jembe. Kazi ninayoisema mtoto ameichagua, inalingana na mwili wake, na akichoka anaiacha. Mtoto wa miaka saba aliyebebeshwa dumu la lita ishirini, au anayekosa shule ili achunge ng'ombe wa baba, huyo anatumikishwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za unyonyaji kwa mtoto, na hairuhusu kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Ukitaka kujua uko upande gani, jiulize: kazi hii inamjenga mtoto, au inanipunguzia mimi gharama ya kibarua?

Wa tano hasemi mbele yangu, lakini najua anachosema nyuma: “Padre hana mtoto, anajua nini?” Kweli, sina. Sijawahi kukesha na mtoto mwenye homa. Ila mimi ndiye ninayewapokea watoto wenu wakifika miaka kumi na minane, wanapokuja ofisini kwangu wakisema kwamba tangu kuzaliwa hawajawahi kuamua jambo lolote, nao sasa wanataka kufunga ndoa.

NASI TULIO ALTARENI

Singekuwa mkweli kama ningewaonyooshea kidole ninyi peke yenu. Mwaka mmoja, katikati ya mahubiri yangu, mtoto alilia kwa muda mrefu. Nilinyamaza, nikamtazama mama yake, nikamwambia mbele ya kanisa lote atoke nje. Alitoka. Sikumwona tena kanisani kwa miezi mitatu, na nilipomfuata nyumbani hakunilaumu kwa neno hata moja, jambo lililoniumiza zaidi. Katika Injili ya Marko, sura ya kumi, Bwana wetu alikasirika. Hakuwakasirikia watoto. Aliwakasirikia wanafunzi wake waliowazuia, na mimi siku ile nilikuwa mwanafunzi wa namna hiyo.

Montessori alikuwa Mkatoliki, aliandika pia juu ya mtoto na Misa, na mwaka 1954 wanawake wawili wa Roma, Sofia Cavalletti na Gianna Gobbi, walianza kutumia mbinu zake katika katekesi ya watoto wadogo. Yeye alikuwa na zoezi la ukimya: watoto hawaamriwi kunyamaza, bali hualikwa kuutengeneza ukimya pamoja, kisha huitwa kwa mnong'ono, mmoja mmoja kwa jina. Sisi tunawaita kwa fimbo ya katekista, kisha tunashangaa kwamba wakishapata Kipaimara hawarudi.

Watoto wetu huketi nyuma, wanaitazama migongo ya watu wazima kwa saa moja na nusu, nasi tunawakaripia kwa kutotulia. Nimeliomba Baraza la Walei tutengeneze mabenchi mafupi, yakae mbele kabisa, ambapo mtoto ataiona altare, kalisi na mikono ya padre. Watapiga kelele kidogo. Nitavumilia.

Nirudi kwa yule mama. Tulipokwisha kuzungumza aliniuliza: “Sawa, Padre. Na akimwaga maji sebuleni, utakuja kupiga deki wewe?” Nilimjibu kwamba deki atapiga mtoto mwenyewe. Yeye akacheka, lakini sikuona kama amekubali, na sijui hata sasa kama amelitafuta lile jagi dogo. Kazi yangu ilikuwa kumwambia. Kazi ya kutafuta jagi ni yake, na ni yenu.

Ila mimi nimejiwekea ahadi moja. Nyumba yoyote nitakayoingia katika parokia hii, mtoto akija kuninawisha, nitainyoosha mikono na kungoja, hata kama maji yataishia kwenye kanzu. Naye mtu mzima atakayemnyang'anya jagi mbele yangu, safari hii sitacheka.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.

Padre wenu,
Mollo